Chumba cha Wavutaji Hakitoshi
Sheria ya Tanzania ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, ya mwaka 2003, inakataza kuvuta sigara katika maeneo mengi ya umma, lakini inaruhusu kutenga sehemu ya wavutaji. Hapo ndipo penye tatizo, kwani moshi haukai ulikopangiwa. Anayeumia zaidi ni mhudumu, asiyeweza kutoka nje kabla zamu yake haijaisha.

Wenzetu wa Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2015, walikataza kabisa ndani ya majengo ya umma na sehemu za kazi, na hata umbali wa mita 50 kutoka hapo. Tunaona hiyo ndiyo njia.

Sharika zenye kumbi za kukodisha hazina haja ya kulisubiri Bunge: katazo liandikwe kwenye mkataba, na visahani vya majivu viondolewe mezani.