Haisi Kabla ya Kuwa Daladala

Kanuni za kuidhinisha gari la abiria humgusa mnunuzi wa Haisi jijini Arusha mapema kuliko anavyodhani, kwa kuwa kibali hufuata kazi ambayo gari limeandikishwa kuifanya, hata likiwa na jina kubwa kiasi gani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, aina mpya ya gari hupimwa na kuidhinishwa kabla ya kuuzwa, na magari yote ya aina hiyo yanayotoka kiwandani baadaye hubeba idhini hiyohiyo. Tanzania, ambako vifodi, kama Haisi zinavyoitwa Arusha, kwa kawaida huletwa kutoka Japani vikiwa vimekwisha kutumika, kila gari hukaguliwa peke yake kwa kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kiitwacho TZS 698, kinachohusu usalama wa gari lililotumika. Umri hauzuii gari kuingia nchini, ingawa gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Ng'ambo ya mpaka wa Namanga, Kenya hukataa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8.

Ugumu hasa uko kwenye viti. Haisi nyingi huandikishwa Japani kuwa magari ya mizigo, nyuma zikiwa na nafasi tupu, na fundi anapozichomelea viti vya abiria huwa amelibadili gari kisheria, si kwa sura tu, hivyo badiliko hilo sharti lionekane kwenye kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Wanaoliona jambo hili kuwa urasimu mtupu husahau kwamba kiti kilichoshikizwa kwenye bati jembamba hung'oka na abiria wake gari linapogonga. Idadi ya viti hugusa pia bima, pamoja na ngazi ya leseni ya daraja C anayopaswa kuwa nayo dereva.

Hata gari lililopita ukaguzi huo wote bado si daladala. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kurithi kazi za SUMATRA za usafiri wa nchi kavu, hutoa leseni ya usafirishaji inayotaja gari na njia yake, iwe ya Ngaramtoni, Tengeru au Usa River, na kibao cha namba hubadilika kutoka cha njano cha gari binafsi kuwa cheupe cha biashara. Kwa hiyo ni busara kuulizia njia kabla ya gari, kwani Dar es Salaam vipanya, yaani Haisi kama hizo, viliwahi kuondolewa katikati ya jiji ili kuyapisha mabasi makubwa zaidi, ingawa havikuwa vibovu. Anayenunua kifodi kinachofanya kazi tayari naye hukabidhiwa gari na kadi yake, lakini leseni ya njia, ambayo iko kwa jina la mmiliki wa awali, hulazimika kuiomba upya.