Kishikwambi cha Bei Nafuu: Ukurasa Ndio Mtihani

Paukwa!

Pakawa!

Alikuwepo msichana mmoja wa Kaole, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Bagamoyo, mwendo wa kilomita tano hivi, penye magofu ya misikiti miwili ya kale na makaburi ya nguzo. Alikuwa amemaliza darasa la saba na amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Bibi yake, muuza nazi, alimwita barazani, akafungua fundo la khanga, akamhesabia shilingi laki mbili na nusu.

"Mjukuu wangu," alisema bibi, "nasikia siku hizi vitabu vinasomwa kwenye kioo. Katafute hicho kishikwambi. Ila usiniletee pambo."

Mdogo wake wa kiume akadakia: "Na katuni za Ubongo Kids tutaangalia, bibi!"

"Mtaangalia, kitabu kikishasomwa."

Basi wale watoto wawili wakashika njia hadi Bagamoyo mjini, kwa mjomba wao ambaye ni fundi simu. Walimkuta ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba wanangu. Bibi hajambo? Haya, nipeni habari."

Walipomweleza, mjomba hakutaja jina la kampuni wala bei. Aliuliza swali moja: "Kitafanya kazi gani?"

"Kusoma vitabu vya PDF na mitihani iliyopita," alijibu dada.

"Kuangalia video," alijibu kaka.

"Kati ya hizo mbili, ipi ni kazi ngumu kwa kifaa?"

"Video!" kaka hakusita. "Inatembea, ina sauti, ina rangi. Kitabu kimelala tu."

Mjomba akacheka. "Hata watu wazima hujibu hivyo, ndiyo maana wanapigwa madukani. Sikilizeni."

Akawaeleza kwamba ndani ya chipu ya simu au kishikwambi kuna sehemu iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kufungua video. Hata chipu ya bei ya chini huwa nayo, kwa hiyo katuni itatiririka bila kukwama. Tena jicho la binadamu lina huruma kwa picha inayotembea: ikiwa na ukungu kidogo, hulioni kosa. Ukurasa wa kitabu hauna msaidizi wa namna hiyo. Kifaa lazima kichore kila herufi na kila mchoro chenyewe, na wewe mwenyewe unaukazia macho dakika kumi nzima. Kasoro yoyote ya kioo itajitokeza.

"Kifaa kinachoonyesha ukurasa vizuri kitaonyesha na video," alisema mjomba. "Kinachoonyesha video vizuri, hujui bado."

Kisha akachukua boksi tupu, rula na mkasi. Nanyi wasomaji mnaweza kufanya kama alivyofanya, leo hii, nyumbani.

Ukubwa wa kioo hupimwa kwa inchi, kutoka pembe moja hadi pembe ya upande wa pili. Mjomba alikata vipande vitatu. Cha kwanza, mfano wa kioo cha inchi 7, kilikuwa na upana wa sentimita 9 na urefu wa 15.5. Cha pili, inchi 8: upana karibu 11, urefu 17. Cha tatu, inchi 10: upana 13.5, urefu karibu 22. Akavipanga juu ya karatasi ya A4, ile inayotumika kuchapia mitihani, ambayo ina upana wa sentimita 21.

"Ukurasa huu wote lazima uingie hapa," alisema akionyesha kipande kidogo. "Sentimita 21 zibanwe ziwe 9. Herufi ya ukubwa wa 12 itaonekana kama ya ukubwa wa 5. Ni zile herufi za karatasi ya dawa."

Kwenye kioo cha inchi 8, herufi hiyohiyo huonekana kama ya ukubwa wa 6. Kwenye cha inchi 10 hufika karibu 8, nayo inasomeka. Halafu mjomba akakilaza kipande kikubwa kwa ubavu. Sasa upana wake ulizidi kidogo ule wa karatasi. Maana yake ni kwamba kishikwambi cha inchi 10 ukikilaza, herufi zinarudi kwenye ukubwa wake wa kweli, nawe unasoma karibu nusu ya ukurasa kwa wakati mmoja. Cha inchi 7 ukikilaza, herufi zinafika robo tatu ya ukubwa wake. Kwa mtu wa video pekee kinatosha. Kwa mwanafunzi wa miaka minne ya sekondari, macho yatalalamika.

"Kwa hiyo tununue kikubwa tu?" aliuliza dada.

"Bado. Nipe daftari la hesabu, lile la vyumba."

Kioo cha kishikwambi kimetengenezwa kwa vinukta vidogo vya mwanga, na idadi yake huandikwa kwenye boksi: 1024 kwa 600, au 1280 kwa 800, au 1920 kwa 1200. Namba ndogo ndiyo idadi ya vinukta kwenye upana, kifaa kikiwa kimesimama. Ukitoa pambizo za ukurasa, kisha ukagawanya vinukta vinavyobaki kwa herufi za mstari mmoja, kioo cha vinukta 600 huipa kila herufi vinukta vitano hivi. Cha 800 huipa saba. Cha 1200 huipa kumi.

"Andika herufi m ndani ya vyumba vitano," mjomba alimwambia kaka.

Kaka akajaribu. Herufi m ina miguu mitatu na nafasi mbili, jumla vyumba vitano. Vikaisha vyote, hakikubaki hata kimoja cha kuitenganisha na herufi inayofuata. Akajaribu tena kwa vyumba saba, m ikapata pumzi pembeni. Kwa kumi, ikawa na mikunjo mizuri kama ya kitabuni.

Kaka akaelewa bila kuambiwa: kioo cha 1024 kwa 600 ni cha kuachwa, hata kikiwa kipana. Cha 1280 kwa 800 kinafaa, hasa ukikilaza. Cha 1920 kwa 1200, fedha ikiruhusu, ndicho bora.

Likabaki jambo la kumbukumbu. Kwenye boksi huandikwa GB za aina mbili, na wauzaji wengine hupenda kuzichanganya. Kumbukumbu ya kuhifadhia ni kabati, ambako vitabu na video hukaa hata kifaa kikizimwa. RAM ni meza ya kusomea: unachokitumia sasa hivi lazima kiwe juu yake. Meza ikiwa ndogo, ukiweka video, kitabu kinaanguka chini, na ukirudi unaanza kukitafuta upya. Tangu Android 13, Google haikubali RAM chini ya GB 2 hata kwa toleo jepesi la mfumo wake. GB 3 au 4 ni salama zaidi. Kwa kabati, GB 32 ni kianzio, nawe ujue kwamba mfumo wenyewe hukalia sehemu yake kabla hujaweka kitabu hata kimoja. Kukiwa na tundu la memori kadi, utaongeza baadaye.

Mjomba alimpa dada memori kadi yenye mafaili mawili: kitabu kinene kilichopigwa skani, na karatasi ya mtihani uliopita wa Baraza la Mitihani. "Pesa isitoke mfukoni kabla hujayafungua haya," akamwambia. Kesho yake wote watatu wakapanda basi hadi kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, wakaunganisha daladala kwenda soko la Kariakoo.

Kariakoo wanaijua waliofika. Vifaa vingi kule vimevuka Bahari ya Hindi kutoka Uchina, na watu wa Kaole hawashangai, kwa sababu nguzo za makaburi yao zilipachikwa bakuli za kaure za Uchina karne nyingi kabla ya meli za makontena. Kijana mmoja akawafuata hadi barabarani.

"Karibu dada! Tableti mpya, RAM GB 12, memori GB 512, laki moja na themanini tu! Leo ofa!"

Akaweka katuni. Rangi zikawaka, sauti ikajaa duka. Kaka akamvuta dada yake mkono: "Hiki hiki!"

Dada akachomeka memori kadi, akafungua kitabu cha skani. Kila alipofunua ukurasa kioo kilikaa cheupe kwanza, halafu maandishi yakaja na ukungu. Akafungua video, akarudi kwenye kitabu. Kitabu kikaanza upya ukurasa wa kwanza. Akakiinamisha kifaa upande, rangi zikageuka, nyeupe ikawa kijivu. Kifaa chenye RAM ya GB 12 za kweli hakisahau kitabu kwa sababu ya katuni moja. Ile 12 ilikuwa ya boksi tu.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakashukuru, wakatoka.

Duka la pili halikuwa na kelele. Boksi liliandikwa inchi 10, vinukta 1280 kwa 800, RAM GB 4, memori GB 64, na kampuni yake ilikuwa inajulikana. Dada akarudia mtihani uleule. Kitabu kilifunguka taratibu lakini kikafunguka, na aliporudi kutoka kwenye video alikikuta kwenye ukurasa alipokiacha. Akaenda nacho mlangoni penye jua, akasoma swali la mtihani tangu mwanzo hadi mwisho. Tundu la chaji lilikuwa aina ya C, kama la simu ya mama yao, kwa hiyo chaja moja ingetosha nyumba nzima. Betri iliandikwa mAh 6000.

Mjomba akaongeza mambo mawili. Kwanza, kifaa kinachoingia laini kina namba ya IMEI. Utaipata kwa kubonyeza *#06# au ndani ya mipangilio, kisha unaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, nawe utajibiwa kama kifaa hicho ni halisi. Si mzaha: usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchi nzima. Pili, dai risiti ya mashine ya EFD, yenye jina la duka na tarehe, pamoja na maandishi ya muda wa garantii. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtu mmoja nje ya duka aliwanong'oneza kwamba ana vishikwambi vya sensa, bei ya kutupa. Mjomba akakunja uso. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, serikali iliwagawia walimu vishikwambi takriban 300,000, vikiwemo vilivyotumika kuhesabia watu, viwasaidie kufundishia. Ni vifaa vya kazi vya umma. Anayekuuzia barabarani anakuuzia kesi.

Wakarudi ndani ya duka, wakalipa laki mbili na elfu ishirini. Elfu thelathini iliyobaki ikanunua kava na protekta ya kioo, maana hewa ya Kaole ina chumvi na mchanga uko kila mahali.

Kishikwambi kitupu, hata kiwe kizuri vipi, hakimfundishi mtu. Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019, si mbali na Bagamoyo, vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga vilishiriki shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 2,700, wengi wao hawajawahi kuingia darasani, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili ndani yake, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya dola milioni 10. Watoto wengi walijifunza kusoma kwa sababu masomo yalikuwa tayari yamewekwa ndani, kwa lugha wanayoielewa, bila kungoja mtandao.

Dada naye akafanya hivyo. Alikaa kwa mjomba penye Wi-Fi, akapakua vitabu kutoka maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, akaongeza mitihani iliyopita na masomo ya video. Kaka alipata katuni zake pia, akafundishwa kuchagua ubora wa 480p au 360p, kwa kuwa katuni haihitaji zaidi na bando haliishi mapema.

Wasomaji wangu, kitu cha bei nafuu hakina aibu, mradi kiifanye kazi uliyokinunulia. Mkienda dukani msikubali kuonyeshwa video peke yake, kwani kila duka lina video nzuri. Bebeni faili lenu kwenye memori kadi, lifungueni, someni ukurasa mmoja wote mkiwa mmesimama mlangoni. Ukiwashinda kusoma, mrudishieni mwenye duka kifaa chake kwa heshima, kisha mwende duka la pili.