Makubaliano ya Vipimo kama Msingi wa Vikundi vya Utafiti wa Kisukari: Mtazamo kutoka Bagara, Babati

Mwaka 1989, McLarty na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012 ulibaini asilimia 9.1. Hata hivyo, tofauti hiyo yote haiwezi kuhesabiwa kuwa ongezeko la ugonjwa. Uchunguzi wa kwanza ulihusisha watu wa miaka 15 na kuendelea, waliopimwa kabla na baada ya kunywa glukosi. Wa pili, wa miaka 25 hadi 64, waliopimwa kabla ya kula tu.

Mtafiti wa Kata ya Bagara akisajili watu wazima 300, kwa kiwango cha mwaka 2012 atapata wagonjwa wapatao 27, idadi isiyotosha kulinganisha vihatarishi kwa jinsi, umri na kazi. Hivyo ushirikiano na vituo vingine ni wa lazima. Lakini kuunganisha takwimu zilizopimwa kwa njia tofauti hukuza kosa, na zahanati ndizo zitakazopanga dawa kwa takwimu hizo. Kwa hiyo, kikundi kikubaliane kwanza kuhusu kipimo, rika na tafsiri ya dodoso kwa Kiiraqw na Kigorowa, ndipo kigawane majukumu na umiliki wa data.