Kofia ya Viua na Pama: Baina ya Heshima na Kivuli

Katika Kiswahili, nomino kofia hujumlisha mavazi ya kichwa yenye dhima tofauti. Kofia ya viua, ambayo mwanamume wa Lamu au Unguja huivaa pamoja na kanzu, huteuliwa kwa ufundi wa darizi zake. Viua, yaani vitundu vilivyozungushiwa uzi, hupitisha hewa. Lakini kwa kuwa kofia hiyo haina ukingo, uso, masikio na shingo hubaki juani. Pama ndiyo itiayo kivuli. (Chapeo, neno lenye asili ya Kireno, wasomaji wa Biblia hulijua kama kofia ya askari.) Tofauti hii si ya msamiati tu. Mwanamume mwenye ualbino, ambaye ngozi yake hupata saratani kwa urahisi, hatoshelezwi na kapelo. Anahitaji ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi, pande zote.