Bunia: RN27 imefungwa, lakini upande gani?

Tangazo linapita asubuhi na mapema, redioni na katika makundi ya WhatsApp: RN27 imefungwa. Kwa mtu wa Bunia, tangazo hilo halijakamilika. Barabara ya kitaifa nambari 27 inaingia katika mji mkuu wa Ituri upande mmoja na kutokea upande mwingine. Dereva anayepandisha ndizi kutoka Komanda na mama anayeshuka Mahagi kutafuta bidhaa wote wako juu ya RN27, lakini hawatakutana hata siku moja njiani, isipokuwa Bunia kwenyewe.

Kwenye karatasi za serikali mambo ni rahisi. RN4 inatoka Kisangani, inapita Nia-Nia na Mambasa, inafika Komanda, kisha inageuka kuelekea kusini: Luna, Eringeti, Oicha, Beni, hadi mpaka wa Kasindi. Bunia haipo kwenye njia hiyo. Ili kufika Bunia ni lazima kuiacha RN4 pale Komanda, katika eneo la Irumu, na kushika RN27 kwa kilometa kama 75. Ukishavuka mji, RN27 hiyohiyo inapanda kupitia Iga-Barrière na eneo la Djugu mpaka Mahagi, kwenye mpaka wa Uganda.

Barabarani ni hadithi nyingine. Wasafiri wengi hawatumii nambari. Wanasema barabara ya Komanda, barabara ya Mahagi, barabara ya Kasenyi. Jeshi na mashirika ya raia wanazungumza juu ya "axe" fulani. Kipande cha Bunia hadi Komanda, matangazo mengine yanakiita RN27, mengine yanakiita RN4, kwa kuwa magari ya Beni yanapitia hapo. Barabara ni moja, majina ni matatu.

Mahali pengine hilo lingekuwa jambo la kuchekesha tu. Ituri sivyo. Katika Djugu, tangu mwisho wa mwaka 2017, mashambulizi yamefunga RN27 mara nyingi kati ya Bunia na Mahagi. Upande wa Irumu, tishio ni la waasi wa ADF. Tarehe 1 Septemba 2021, msafara wa magari yaliyosindikizwa na wanajeshi ulishambuliwa karibu na Ofaye, kati ya Komanda na Luna. Watu waliuawa na magari yakachomwa. Hatari ya Fataki si hatari ya Ofaye. Anayesikia nambari bila jina la kijiji anaweza kubaki nyumbani wakati njia yake iko wazi, na mzigo wake ukaoza. Au anaweza kuondoka wakati njia yake ndiyo iliyofungwa.

Vibao havisaidii sana. Kongo ina sheria ya barabara tangu tarehe 30 Agosti 1978, na alama za barabarani zimo ndani yake. Office des Routes ipo tangu 1971, na mfuko wa matengenezo, FONER, uliundwa mwaka 2008. Dereva analipa peaje, na bei ya mafuta nayo ina sehemu ya mfuko huo. Lakini ukitazama pembeni ya njia, vibao vinavyoonekana zaidi ni vya makanisa, shule, mashirika ya misaada na kampuni za simu. Kibao cha mradi kinaonyesha nani alitoa pesa. Mgeni anayetaka kujua Beni iko wapi anamuuliza kijana wa pikipiki.

Mpakani kuna jambo lingine. Kongo tunaendesha kuume, Uganda wanaendesha kushoto. Dereva anayevuka Mahagi kwenda Nebbi, au Kasindi kwenda Kasese, anabadilisha upande katika mita chache. Mahali kama hapo mshale uliopakwa rangi vizuri unaweza kuokoa maisha, hasa usiku, na hasa kwa lori lenye usukani wa kuume.

Kubadilisha au kurekebisha nambari peke yake hakutoshi. Kenya, ambako bidhaa nyingi za Ituri zinateremka bandarini Mombasa, ilipanga upya barabara zake mwaka 2016. A109 ya kutoka Mombasa hadi Nairobi na A104 inayoendelea hadi Malaba zikawa barabara moja, A8. Miaka mingi baadaye kuna watu ambao bado wanasema A104. Jina la barabara linakaa kwenye mdomo wa watu pale tu wanapoliona kila siku.

Kwa Ituri, hatua ya kwanza haidai pesa. Anayetangaza kwamba njia imefungwa, awe msemaji wa jeshi, mtawala wa eneo au mwandishi wa habari, ataje vijiji viwili, kile cha mwanzo na kile cha mwisho, pamoja na upande wa Bunia. "RN27, kati ya Iga-Barrière na Fataki, upande wa Mahagi": mtu yeyote anaelewa.

Hatua ya pili inadai bati, rangi na nguzo mbili pale njia panda ya Komanda. Kulia, kushoto, mbele: Mambasa na Kisangani kwa RN4, Beni na Kasindi kwa RN4, Bunia na Mahagi kwa RN27. Pamoja na kilometa. Hiyo ni kazi ya siku moja.