Mlango Usiofungwa
Siku moja ndani ya basi la watalii katika Milima ya Alpi

Msomaji mpenzi, wewe uliyezoea kusafiri kwa basi pamoja na magunia, kuku na vikapu vya ndizi, huenda ukacheka kusikia kwamba huko Ulaya wako watu wanaolipa nauli kwa ajili ya kutazama tu. Hawaendi sokoni, wala hawaendi msibani. Asubuhi hupanda basi, huonyeshwa milima, makanisa na miji. Jioni hulala hotelini, na kesho yake hupanda tena. Mimi pia nilicheka, mpaka rafiki zangu waliponialika kusafiri nao mwezi wa Juni. Katika siku zote za safari ile nitawaeleza moja tu, maana siku hiyo nilijifunza jambo, tena nilijifunza kwa aibu.

Tulikuwa abiria 43, wengi wetu wazee, wote Wakatoliki, pamoja na Padre mmoja wa kutuongoza katika sala. Mimi nilikuwa Mwafrika peke yangu. Dereva wetu alikuwa Mreno, mtu mnene, mwenye maneno machache. Kila tulipopanda alisimama mlangoni akatuhesabu mmoja mmoja kwa kidole, kama mchungaji anavyohesabu mbuzi zizini. Baadhi ya abiria walimcheka.

Jirani yangu kitini alikuwa mama mzee, mjane kutoka Ireland, anayetembea kwa fimbo. Nilimwita Mama kama ilivyo desturi yetu, naye alifurahi, akaniita mwanangu. Asubuhi ile aliniambia, “Mwanangu, tukifika juu mlimani unishike mkono mpaka kwenye sanamu ya Mtakatifu Bernardo. Marehemu mume wangu aliitwa jina hilo. Nataka kumwombea pale.” Nikamjibu, “Bila shaka, Mama.” Tafadhali likumbuke jibu langu hilo.

MASHAHIDI WATOKAO AFRIKA

Tulianza safari katika mji mdogo wa Saint-Maurice, nchi ya Uswisi. Mji huo umebanwa kati ya mto Rhône na jabali kubwa lililosimama kama ukuta. Chini ya jabali kuna abasia iliyoanzishwa mwaka 515 na Mfalme Sigismund wa Burgundia. Tangu mwaka huo sala hazijakoma mahali pale, na mwaka 2015 abasia ilitimiza miaka 1,500.

Mapokeo yasema kwamba hapo, mwishoni mwa karne ya 3, waliuawa askari Wakristo wa jeshi la Roma pamoja na mkubwa wao, Mtakatifu Mauritsi, kwa sababu walikataa kuitumikia amri mbaya ya Kaisari. Askari hao walitoka Thebe, nchi ya Misri. Nilipoambiwa hayo nilisimama wima. Kumbe! Wazungu wa bonde lile huwaheshimu kama wazee wao katika imani watu waliotoka katika bara letu. Mama mzee alinigusa bega, akasema, “Basi, mwanangu, leo wewe ndiwe mwenyeji, na sisi ni wageni.”

KUPANDA MLIMA

Saa 3 tuliingia njia ya mlima. Tulipita mji wa Martigny, halafu Orsières. Karibu na Orsières alizaliwa Mwenye Heri Maurice Tornay, kanoni wa nyumba tuliyokuwa tukiiendea. Alipelekwa na wenzake mpaka mpakani mwa Uchina na Tibet, akauawa huko mwaka 1949 kwa ajili ya kondoo zake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1993.

Baada ya hapo barabara ilianza kujikunja kama nyoka. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili shimo ambalo sikutaka kulitazama mara mbili. Mashamba yaliisha, miti ikaisha, yakabaki majani mafupi, mawe na mabaka ya theluji. Penye kona kali dereva alipunguza mwendo, akapiga honi, akapinda gari polepole mpaka pua yake ilionekana kuning'inia hewani. Akina mama walishika rozari zao, na wanaume wengine pia, ingawa waliificha mifukoni.

Kabla ya kufika juu njia hugawanyika. Moja huingia katika tundu lililotobolewa ndani ya mlima, lenye urefu upatao kilometa 6, nayo hutokea upande wa Italia. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1964, na magari huipita masika na kiangazi, theluji ikiwepo au isiwepo. Ya pili ni njia ya zamani ipitayo juu. Hiyo hufunguliwa miezi michache tu ya joto, kwa kuwa wakati mwingine wote imezikwa chini ya theluji. Sisi tulichukua ya juu.

NYUMBA YA MTAKATIFU BERNARDO

Mahali penyewe ni mwanya kati ya vilele, mita zipatazo 2,470 juu ya bahari. Sipo juu sana ukipima na Kilimanjaro chetu, lakini baridi yake ni kali, na upepo wake hauna huruma. Pana ziwa dogo, maji meusi, na mpaka wa Uswisi na Italia hupita hapo. Kando ya ziwa husimama nyumba kubwa ya mawe, kuta nene, madirisha mengi madogo.

Zamani za Warumi wapagani palikuwa na hekalu la mungu wao Jupita. Baadaye palikuwa mahali pa hofu. Wasafiri waliokwenda Roma kuhiji, na wachuuzi na mizigo yao, waliuawa na wanyang'anyi au na theluji. Bernardo, Arkidiakono wa Aosta, alikuwa akiwapokea watu hao walipofika mjini kwake wameumia na kunyang'anywa. Akaona haitoshi kuwangoja chini. Yapata mwaka 1050 alijenga nyumba palepale penye hatari, akaweka watawa wa kuwapokea wote wapitao. Mwaka 1923 Papa Pio XI, ambaye naye katika ujana wake alipenda kupanda milima hiyo, alimtangaza Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wa wapanda milima.

Tangu siku zile watawa, yaani Wakanoni wa Mtakatifu Augustino, wameendelea na kazi hiyo. Mwezi Mei mwaka 1800 Napoleon alipita hapo na askari wapatao 40,000. Mizinga iliwekwa ndani ya magogo yaliyochimbwa, ikakokotwa na watu kwa kamba, na watawa wakawagawia askari mkate, jibini na divai. Picha maarufu humwonyesha Napoleon juu ya farasi mweupe aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Kweli yake ni kwamba alipanda nyumbu.

Na mbwa je? Naam, ndiko watokako mbwa wale wakubwa wenye jina la Mtakatifu Bernardo. Watawa walianza kuwafuga katika karne ya 17, wakagundua kwamba wanajua kunusa njia iliyofunikwa na theluji na mtu aliyezikwa chini yake. Mmoja, jina lake Barry, husemwa aliokoa watu zaidi ya 40. Alikufa kwa uzee mwaka 1814 mjini Bern, na ngozi yake iliyojazwa ingali ikionyeshwa huko katika nyumba ya makumbusho. Lakini kile kipipa cha pombe shingoni, ambacho huchorwa katika picha, ni hadithi za wachoraji tu. Leo waliozikwa na theluji hutafutwa kwa helikopta, na tangu mwaka 2005 mbwa hao hutunzwa na shirika lenye makao yake Martigny. Wakati wa joto baadhi yao hupandishwa juu, nasi tuliwaona wamelala juani, wakubwa kama ndama.

MMOJA AMEPUNGUA

Tulipewa saa moja na nusu kutembea. Sanamu ya Mtakatifu Bernardo iko upande wa Italia, mwendo mfupi kupita ziwa. Nilimshika Mama mkono tukaenda taratibu. Baada ya hatua kadhaa nikawaona wenzangu wanakwenda kupiga picha za mbwa. Nikamwambia, “Mama, keti juu ya jiwe hili, nitarudi sasa hivi.” Nikaenda. Nikapiga picha. Nikapiga nyingine. Halafu nikaitwa kunywa kahawa.

Tulikuwa tungali tunakunywa hapo ukungu uliposhuka. Msomaji, si ukungu wa asubuhi shambani, ambao huondoka jua likipanda. Ulikuja kama moshi wa moto wa majani, na kwa muda mfupi ziwa halikuonekana, mpaka haukuonekana, hata nyumba kubwa ile ilipotea. Tukakimbilia basi.

Dereva akasimama mlangoni na kidole chake. Arobaini na moja, arobaini na mbili. Akahesabu tena. Arobaini na mbili.

Nilitazama kiti cha pembeni yangu, moyo ukanipasuka.

Sasa, jioni ile tulikuwa na miadi ya Misa Takatifu mjini Torino, katika Basilika ya Mama Maria Msaada wa Wakristo, ambamo Mtakatifu Yohane Bosko anaheshimiwa. Wengi walikuja safari nzima kwa ajili ya saa hiyo. Tukichelewa, Misa ingetupita. Bwana mmoja alisema, “Nyumba ya watawa ipo hapa, hawezi kufa. Tumwachie ujumbe, afuate kesho.” Wawili watatu wakamuunga mkono, wengine wakanyamaza. Walimtazama Padre.

Kabla Padre hajasema neno, dereva alizima mashine, akatoa ufunguo akautia mfukoni. Akasema, “Nimepokea watu arobaini na watatu. Nitafikisha arobaini na watatu.” Padre akaitikia kwa kichwa, akasema Misa inaweza kungoja, lakini mama mzee penye baridi hawezi. Tena akaanza rozari.

Dereva aliketi akapiga honi mara tatu, akanyamaza, akapiga tena mara tatu. Sisi wanaume watatu tulitumwa kutafuta, kwa sharti tusiache barabara na tusiachane mikono. Tulifika kwenye jiwe nililomketisha. Halikuwa na mtu. Nililiwaza lile ziwa jeusi hatua chache kutoka hapo, nikaita “Mama!” kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Ukungu ulinijibu kwa kimya.

Tulirudi tukipapasa ukuta wa barabara ili tuombe msaada kwa watawa. Nilifika mlangoni, nikainua mkono nigonge. Haikuwa na haja. Mlango ulifunguka kwa kusukuma tu. Huko husemwa kwamba mlango ule haufungwi kwa ufunguo, usiku wala mchana.

Na ndani, karibu na mlango, aliketi Mama yangu amejifunika blanketi, kikombe cha chai moto mikononi.

Alikuwa amenisubiri, alipoona ukungu akaogopa kukaa. Hakuona sanamu wala njia. Akasikia honi, akaifuata kwa fimbo, mkono wake ukagusa ukuta, kisha mbao za mlango, akasukuma. Akaniambia, “Hawakuniuliza jina, wala nchi, wala dini. Waliniuliza kama napenda sukari.”

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Alinitazama kidogo, akasema, “Mwanangu, bado unanidai mkono wako? Basi nipe, twende kwa yule dereva.”

KUTELEMKA

Basi zima lilipiga makofi alipopanda, na yule bwana wa kwanza kusema tuondoke ndiye aliyemwachia kiti cha mbele. Dereva alihesabu tena, arobaini na watatu, ndipo alipowasha mashine. Tulitelemka upande wa Italia kwa gea ndogo, maana katika mteremko mrefu dereva mwenye akili huiacha mashine ilizuie gari, asije akachoma breki. Tulipopita penye sanamu hatukuona kitu. Mama alifanya ishara ya msalaba kuelekea ukungu, akalitaja jina la marehemu mumewe.

Chini yake jua lilikuwa linawaka, mizabibu imepangwa milimani, na mji wa Aosta una lango la Kaisari Augusto lililojengwa miaka 25 kabla ya Kristo. Katika mji huo alizaliwa Mtakatifu Anselmo mwaka 1033, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Tuliupita bila kusimama, na hata hivyo tulifika Torino usiku, Misa imekwisha zamani. Kesho yake asubuhi Padre alitusomea Misa. Sikumsikia hata mmoja akinung'unika.

Nimewaandikia haya kwa sababu mbili. Kwanza, tunalo neno letu, mgeni njoo mwenyeji apone, lakini siku hizi milango yetu imejaa makufuli, hata mchana. Sisemi mwache nyumba wazi kwa wezi. Nasema mtu akigonga na mvua inanyesha, tumuulize kwanza kama anapenda sukari, mengine yatafuata. Pili, enyi akina baba na akina mama, jioni kabla ya sala wahesabuni watu wenu kama yule Mreno alivyotuhesabu. Mmoja akipungua, chakula kingoje. Nami tangu siku ile, nikimwambia mzee “nitarudi sasa hivi”, narudi.