Kafeini, bangi na maumivu: Dini zasemaje?

Kuna wagonjwa ambao wakiandikiwa tembe za kutuliza maumivu huuliza zina nini ndani yake kabla ya kuuliza zimezwe mara ngapi. Mmoja ni Msabato ambaye hanywi kahawa wala majani chai, naye amesoma kwenye pakiti kwamba tembe zile zina kafeini. Mwingine ni Mwislamu mwenye saratani ambaye jamaa zake wamemshauri avute bangi ili apate usingizi. Wote wawili wana swali moja: je, dawa hii ni dhambi?

Aghalabu swali hilo haliulizwi mbele ya daktari. Mgonjwa hurudi nyumbani, akazitupa tembe zake au akaivuta bangi kwa siri. Njia zote mbili zina hatari. Ndiposa ni vyema wewe msomaji ufahamu vitu hivi hufanya nini mwilini, na dini zinakataza nini hasa.

Kahawa na imani

Kafeini ni kemikali iliyomo katika kahawa, majani chai, kakao na soda za kola. Huizuia adenosini, kemikali ya mwili ambayo huleta usingizi na huchangia katika kuhisi maumivu. Kafeini pekee haitulizi maumivu vya kutosha, lakini huipa nguvu parasetamoli au aspirini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 baada ya kujumlisha tafiti nyingi ulionyesha kuwa ikiongezwa kafeini ya miligramu 100 hivi, wagonjwa 5 hadi 10 zaidi katika kila 100 hupata nafuu nzuri. Hicho ndicho kiasi kinachokaribia kuwa katika kikombe kimoja cha kahawa.

Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoanza kazi yake Kenya mwaka 1906 huko Gendia karibu na Ziwa Victoria, huwafundisha waumini kujiepusha na kahawa na majani chai. Sababu ni kuwa mwili ni amana ya Mungu, na haufai kuzoezwa kuchangamshwa na kemikali. Hata hivyo, kanisa hilo hilo huendesha hospitali, mojawapo ikiwa ile ya Kendu Bay, ambako wagonjwa hutibiwa kwa dawa za kisasa. Mafundisho hayo yanalenga hasa kinywaji cha mazoea. Kafeini iliyopimwa na kutolewa kama dawa ni jambo jingine. Hata watoto waliozaliwa kabla ya wakati hupewa kafeini hospitalini ili wasiache kupumua.

Ikiwa dhamiri yako bado inakusumbua, mwambie daktari. Zipo tembe za parasetamoli tupu zisizo na kafeini. Hakuna haja ya kuteseka.

Waislamu nao waliwahi kubishana kuhusu kahawa. Masufi wa Yemen waliinywa katika karne ya 15 ili wakeshe katika ibada, lakini mwaka 1511 gavana wa Makka aliipiga marufuku. Marufuku hayo hayakudumu, kwa kuwa ilionekana kahawa hailevyi. Leo kahawa chungu ni kinywaji cha kawaida katika baraza za Mombasa na Lamu.

Bangi na maumivu

Kuhusu bangi, hali ni tofauti. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huiweka pamoja na vileo kwa sababu huvuruga akili. Lakini sheria ya Kiislamu ina kanuni ya dharura: kilichokatazwa huweza kuruhusiwa kwa mgonjwa ikiwa hakuna dawa halali ya kutosha, ikiwa tabibu mjuzi na mwaminifu ameamua hivyo, na kwa kiasi kinachohitajika tu. Palipo na dawa nyingine, dharura hiyo ni vigumu kuidai.

Kanisa Katoliki, katika Katekisimu yake ya mwaka 1992, hukataza dawa za kulevya isipokuwa kwa sababu za matibabu pekee. Mwaka 1957 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwaambia madaktari kuwa ni halali kumtuliza mgonjwa maumivu kwa dawa kali hata kama zitampunguzia fahamu. Warastafari wao huiona bangi kuwa mmea mtakatifu, na mwaka 2021 chama chao humu nchini kilienda Mahakama Kuu kutaka waruhusiwe kuitumia. Ombi hilo lilihusu ibada, wala si tiba.

Je, bangi hutuliza maumivu? Kuna ushahidi kuwa dawa zinazotokana nayo huwasaidia kidogo baadhi ya wagonjwa wenye maumivu ya neva ya muda mrefu. Hata hivyo, mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilisema ushahidi uliopo hautoshi kuunga mkono matumizi yake kwa jumla. Isitoshe, bangi inayouzwa mitaani haina kipimo. Huweza kuleta wasiwasi, mapigo ya moyo ya kasi na hata wazimu, hasa kwa vijana, na huweza kuongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Tena Sheria ya mwaka 1994 kuhusu mihadarati inaipiga marufuku.

Mgonjwa wa saratani hana haja ya kuitafuta vichochoroni. Kuna mofini ya maji, ambayo hunywewa kwa kipimo chini ya uangalizi wa daktari. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka 1990, ni miongoni mwa vituo vinavyowahudumia wagonjwa wenye maumivu makali. Wengine huikataa mofini kwa kuwa wamesikia ni dawa ya kulevya. Inapotumiwa vyema kutuliza maumivu makali ya saratani, hofu ya uraibu isimnyime mgonjwa nafuu.

Ufanye nini?

Kwanza, mweleze daktari imani yako na kila unachotumia, ikiwa ni pamoja na bangi. Siri za mgonjwa hulindwa. Pili, usimeze tembe zenye mchanganyiko wa dawa kwa siku 10 au zaidi kila mwezi, kwani zenyewe huweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Tatu, ikiwa hunywa kahawa nyingi na mfungo wa Ramadhani au wa Kwaresima unakaribia, punguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache. Ukiacha ghafla, kichwa huanza kuuma baada ya saa 12 hadi 24, na wengi hudhani ni njaa.

Mwisho, usiache dawa kwa sababu ya maneno ya jirani. Muulize imamu, kasisi au mchungaji wako, naye akiwa na shaka azungumze na daktari. Ukizichunguza dini hizi utaona zinakataza ulevi na mazoea mabaya, lakini hazimwamuru mgonjwa avumilie maumivu yanayoweza kutulizwa.